Tupangeni kwa Mwezi wa Kujifungua: Waraka wa Wazi kwa Mganga Mkuu wa Jiji la Dar es Salaam

Kwa Mganga Mkuu,
Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

Nakala: Maendeleo ya Jamii, Jiji.

YAH: KUWAKUTANISHA WAZAZI WAPYA WA KATIKATI YA MJI

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni mkazi wa Kariakoo, mama wa watoto wawili, na ombi langu naliweka juu kabisa ili ofisi yako isihangaike kulitafuta katikati ya maneno. Naomba wajawazito wanaotarajia kujifungua mwezi mmoja, wakazi wa kata moja au kata zinazopakana, wapangiwe siku moja ya kliniki tangu hudhurio la kwanza. Wapewe saa moja ya kukaa pamoja wakishapimwa. Na wakishajifungua waendelee na siku yao hiyo, wale wale, mpaka watoto wamalize chanjo. Ombi ni hilo tu. Sihitaji jengo jipya wala mashine.

Ninazungumzia kata za katikati ya Jiji, ambalo hadi Februari 2021 tulilijua kwa jina la Manispaa ya Ilala: Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini, Kisutu, Mchafukoge, Upanga zote mbili. Wageni wanadhani huku hawaishi watu, kuna maduka tu, ofisi, na malori yanayotoka bandarini. Watu wanaishi. Na wanazaa.

Ratiba unaijua kuliko mimi, lakini niruhusu niisome kwa jicho la anayekaa benchi. Mjamzito anapewa kadi nambari 4, anarudi, anarudi tena; zamani tuliambiwa mara nne, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linasema mara nane. Mtoto akizaliwa anapata BCG na matone ya polio. Kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu miezi 9, halafu miezi 18, na katikati ya hapo kupima uzito kila mwezi. Chukua wanawake kumi waliojifungua juma moja hapa mjini. Serikali imewaita wote, mahali pamoja, kwa ratiba moja, na ukihesabu na mimba ni kama miaka miwili. Hakuna kikoba, kwaya wala darsa la akina mama linaloweza kuwakusanya watu kwa uhakika wa namna hiyo. Kazi ngumu ya kujenga urafiki, yaani kuwafanya watu waonane mara kwa mara bila mmoja wao kuhangaika kupanga, kliniki imeshaimaliza. Kinachofuata ni kuwatawanya.

Tazama asubuhi ya kawaida. Saa moja na nusu benchi limejaa. Kadi zimevishwa mifuko ya nailoni, zimepangwa mezani kwa kufuata aliyewahi, na kila mmoja anaichungulia yake isije ikasogezwa. Nesi anatoa somo la asubuhi, nasi tunaitikia dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kisichopoa, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Somo zuri. Kisha majina yanaanza. Anayeitwa anainuka, benchi zima linasogea nafasi moja, na yule uliyekuwa ukimuuliza kama na yeye kiungulia kinamnyima usingizi ameshafika mlangoni. Akitoka ana haraka, duka kaachiwa mdogo wake. Mwezi ujao tarehe yake imeandikwa Jumanne, yako Alhamisi. Humwoni tena mpaka siku mnapishana Mtaa wa Msimbazi, kila mmoja na mtoto mgongoni, mnatabasamu kama watu waliowahi kusafiri basi moja.

Kuna dakika moja tu ambapo benchi hilo hugeuka watu wa nyumba moja. Mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa, ananing'inizwa kwenye mizani, anapiga ukelele, na akina mama wote wanainua shingo. "Wako kilo ngapi?" Swali hilo lina kijicho kidogo ndani yake, sikatai. Lakini lina jambo jingine pia: kila mmoja anataka kujua kama wa kwake yuko sawa, na kwa swali hilo hakuna wa kumtuliza kuliko mama mwenye mtoto wa umri ule ule. Nesi atasema mstari unapanda. Mwenzako atasema wa kwangu naye aligoma ziwa siku tatu, nikamnyonyesha nimelala ubavu, akakubali.

Sasa niseme kwa nini jambo hili limekuwa kubwa kwa mitaa yetu kuliko ilivyokuwa kwa mama zetu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa tukiwa tumepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili jirani na Mtaa wa Sikukuu. Kwa kijana wa ofisini kwako asiyezijua: vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, baraza mbele, na nyuma ni uani penye jiko, bomba, choo na kamba za nguo. Kila chumba na mpangaji wake. Sikuwa na ndugu mjini. Lakini siku niliyorudi na kichanga nilikuta maji ya kunikanda yako jikoni, na aliyeyachemsha ni mwanamke ambaye tulikuwa tumenuniana kwa zamu ya kudeki choo. Mwingine alileta uji wa pilipili manga. Mpangaji wa chumba cha mbele, Mchaga, alipika mtori akasimama juu yangu mpaka nikaumaliza. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemgeuza mtoto kwenye mwanga wa uani, akamfunua jicho kwa kidole gumba, akatazama weupe wake, akasema huyu ana manjano, mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje jioni. Hakuwa nesi, ila alikuwa ameona watoto wengi. Na chumba cha pili kutoka chetu alikuwamo mwenzangu mwenye mtoto wa miezi miwili; tukawa tunaachiana, mmoja aoge, mwingine awashike wote wawili. Huyo mpaka leo ni shoga yangu. Watoto wetu wanaitana ndugu, na sijawahi kuona haja ya kuwasahihisha.

Uani haukuwa peponi. Umbea ulikuwepo, na mtu akikuona unakula chipsi arobaini haijaisha, mtaa mzima unajua kabla hujatafuna. Palikuwa na masharti yasiyo na kichwa wala miguu, na mengine ya hatari, ya kumpa kichanga maji na dawa za chango. Siombi tuyarudishe hayo. Nasema tu kwamba nyumba yenyewe, kwa jinsi ilivyojengwa, ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeajiriwa kuifanya.

Nyumba ile haipo. Mahali pake imesimama ghorofa, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Kariakoo tangu miaka ya 1990. Mtoto wa pili nilimpata tukiishi ghorofa ya sita, mtaa mwingine, kata ile ile. Chini yetu ni stoo: mabegi, mapazia, vyombo vya plastiki. Kila mlango una geti la chuma mbele yake. Majirani tulisalimiana kwenye lifti na, umeme ukikatika, kwenye ngazi. Watoto wetu wote wawili walikuwa wameshaanza kutembea ndipo nilipogundua kwamba mwanamke wa ghorofa ya nane naye alijifungua mwezi ule ule. Miezi yote hiyo tulikuwa tumekesha mmoja juu ya mwingine, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake katika jengo lile. Kliniki tulikuwa tunahudhuria kituo kimoja.

Na hapa nchi nzima inakuja kununua nguo za watoto! Pita Mtaa wa Congo wakati wowote: mafungu ya soksi, kofia, fulana za dazeni, mabeseni ya kuogea, vyandarua vya mwamvuli. Wafanyabiashara wanatoka Mbeya, Kigoma, Lubumbashi na Lusaka, wanajaza marobota wanaondoka. Juu yao, ghorofa ya saba, yupo mzazi wa wiki tatu anasikiliza spika za wanaonadi bidhaa na hana wa kumuuliza kama kitovu kinatakiwa kutoa harufu. Nguo za mtoto wake zikimbana baada ya miezi miwili hana wa kumpa, kwa sababu hamjui mwenye mtoto mdogo kuliko wake. Anazifunga kwenye mfuko anaziweka juu ya kabati.

Najua nitaambiwa kwamba mzazi wa Kiafrika hakai peke yake, mama mkwe anakuja. Kweli anakuja. Anatoka Tanga, Lindi, Bukoba, na kikapu chake na amri zake, na Mungu ambariki. Lakini msaada wetu una tarehe ya kuisha. Arobaini ikitimia mtoto ananyolewa, anatolewa nje, watu wanakula pilau, na bibi anakumbuka kwamba shamba lake halina mtu. Sasa tazama kalenda ya ofisi yako: chanjo ya wiki ya 6 inaangukia siku ya 42. Yaani bibi anapanda basi siku ya 41, na siku ya 42 mzazi anaingia kituoni kwako, kwa mara ya kwanza peke yake kabisa, na maziwa yamevuja kwenye gauni, na usiku hakulala. Kama kuna siku moja katika ratiba nzima ambayo mwanamke huyo anahitaji kukuta nyuso anazozijua kwenye benchi, ni hiyo. Anakuta foleni ya watu wasiojuana. Mtoto anachomwa sindano, tunaulizwa kama tuna swali, tunasema hatuna, tunaondoka.

Sonona baada ya kujifungua ofisi yako inaitambua. Sisi mitaani tunasema "amebadilika" au "ana mawazo", na wakati mwingine tunamtafutia shehe au mchungaji. Anayeliona mapema jambo hilo si daktari, maana kwa daktari unavaa vizuri na unajibu vizuri. Anayeliona ni mtu aliyekuona mwezi uliopita na akakuona leo.

Kuhusu faida za kiafya sitaki kukufundisha kazi yako, ila wako watakaokuuliza hesabu. Huko Makwanpur, Nepal, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba vifo vya vichanga vilipungua kwa asilimia 30 mahali ambapo wanawake walikutana kila mwezi kwenye vikundi, wakazungumza matatizo ya uzazi na kutafuta majibu wenyewe. Mwaka 2013 majaribio saba ya aina hiyo kutoka Nepal, India, Bangladesh na Malawi yalikusanywa pamoja. Mwelekeo ukawa ule ule, na matokeo yalikuwa makubwa zaidi pale ambapo angalau theluthi ya wajawazito walijiunga. Shirika la Afya Duniani likalipendekeza jambo hilo mwaka 2014. Tofauti na hilo, kuna kliniki ya vikundi yenyewe, iliyoanzishwa Marekani na mkunga Sharon Schindler Rising katika miaka ya 1990: wanawake 8 hadi 12 wenye mimba za umri mmoja wanapimwa na kufundishwa pamoja. Jaribio dogo la njia hiyo lilishafanyika Malawi na hapa kwetu Tanzania, na waliokuwa kwenye vikundi walikamilisha mahudhurio yao kwa wingi kuliko wenzao.

Lakini nisikudanganye. Zile tafiti za Nepal na Malawi zilikuwa za vijijini, mbali na hospitali. Sisi tuko mwendo wa bajaji kutoka Mnazi Mmoja, Amana na Muhimbili. Na taifa limefanya kazi inayoonekana: utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Mwanamke wa Gerezani hatakufa kwa kukosa shoga. Ndiyo maana naliandika ombi hili kwako kama ombi la maisha yanayofuata baada ya mtu kupona, ambayo hayaingii kwenye takwimu yoyote, na ambayo ndiyo marefu.

Wenzetu wameliona. Katika jimbo la Victoria, Australia, wauguzi wa afya ya mama na mtoto huwaita wazazi wa mtoto wa kwanza, wenye watoto wa umri mmoja na wa eneo moja, wakae kwa vikundi. Ni huduma ya kawaida ya serikali. Uingereza tangu 1956 kuna taasisi iitwayo National Childbirth Trust, na mume na mke wanalipa fedha kuhudhuria mafunzo yake, na wengi wakiulizwa watakuambia walichofuata ni marafiki. Wanalipia kile ambacho sisi tunacho bure kwenye benchi la mbao.

Hata hapa nyumbani jambo hili si geni. Mwaka 1955 Mwingereza John Hatch wa chama cha Labour alipokuja Dar es Salaam akauliza chama cha TANU sehemu yake ya wanawake iko wapi, wanaume walikosa jibu, wakamwendea Bibi Titi Mohamed. Yeye hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, maana mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba na alijua kwamba wanawake wa mji huu walikuwa wameshajipanga siku nyingi, kwa arusi, kwa msiba, kwa uzazi. Leo barabara yenye jina lake inapita pembeni yetu, na Jiji linawajua wanawake kwa vikundi panapokuwa na mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri tu. Tukitaka fedha tunaambiwa tujiunge. Tukizaa tunaambiwa tupange foleni.

Nije kwa akina baba, maana wakisahaulika tena waraka huu utakuwa nusu.

Mwanamke akienda kliniki na mwenza wake anahudumiwa kwanza. Nia ni njema: wapime VVU pamoja, baba asikie dalili za hatari kwa masikio yake. Matokeo yake ni kwamba mwanamume anakuja mara moja, anapitishwa mbele ya wote, na anaondoka mapema kuliko wote. Tumempa zawadi ya kutokaa. (Na mwanamke asiye na mwenza, katika vituo vingine, anatumwa kwa mwenyekiti wa mtaa akalete barua ya kueleza kwa nini yuko peke yake. Barua hiyo, Ndugu Mganga Mkuu, ifutwe, hata kama mengine yote ya waraka huu utayatupa.) Mara nyingine zote utawakuta wanaume nje ya geti, chini ya mti, kila mmoja na simu yake, watano au sita, wote wanasubiri jambo lile lile, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Wangekuwa kijiweni wangekuwa wameshagombana juu ya Simba na Yanga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba angalau siku 3 za likizo ya uzazi. Mama anapata 84, au 100 akizaa pacha. Anayefanya kazi za zamu bandarini, kupakua makontena usiku, anazimaliza siku zake tatu akifuatilia tangazo la kizazi na kununua beseni. Kuli wa Kariakoo na dereva wa bodaboda hawana hata hizo. Vijana wengi wa aina hiyo wametoka mbali, baba zao hawapo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mke akilia siku ya tano si kwamba amekukinai. Wapeni Jumamosi moja kwa mwezi, asubuhi, waje na watoto bila mama zao. Mwanzoni watakuja wawili. Endeleeni na hao wawili.

Ziko hoja za kupinga, na zinastahili heshima.

Ya kwanza ni husuda. Mimba kwetu haitangazwi. Kuna mwanamke anayefunga khanga pana mpaka mwezi wa saba ili hasidi asijue. Huyo asilazimishwe. Kikundi kiwe cha hiari, na anayetaka kupimwa na kuondoka aondoke bila kununiwa. Lakini nimeona kwamba hofu ya kijicho ni kubwa kwa jirani mwenye kukosa ulichonacho, na hupungua sana kwa mtu mwenye tumbo sawa na lako.

Ya pili ni siri. Kadi nambari 4 ina majibu ya VVU na kaswende, mambo ambayo si ya benchi. Vipimo, majibu na dawa vibaki chumbani, mmoja mmoja, mlango umefungwa, na asiwepo mtu wa kutambuliwa kwa rangi ya faili au kwa mlango anaoelekezwa. Hili likishindikana, basi bora tubaki na foleni.

Ya tatu ndiyo nzito. Siku moja kikundi fulani kitapata mmoja aliyerudi mikono mitupu. Kwa sasa mwanamke huyo anapotea tu. Kadi yake inabaki kabatini, hana sababu ya kurudi kliniki, na wale waliokaa naye wanadhani amehamia Mbagala. Wengine watasema kumweka kwenye kikundi ni kumuumiza. Labda asitake kuja mwezi ule, wala ule unaofuata. Lakini watu wanaojua kwamba alikuwa na mimba, wanaojua alikuwa amechagua jina gani, wanaweza kwenda kwake kukaa mkekani. Sisi msiba tunauweza. Tunachohitaji ni kupata habari, na kwa msiba wa namna hii habari hazitufikii.

Mahali pa kukaa papo. Pale Mnazi Mmoja kuna Ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa miaka ya 1950 kwa fedha za George Arnautoglu uwe ukumbi wa jamii. Asubuhi za katikati ya wiki zikipatikana mbili pale, na mkeka, na thermosi ya chai, zinatosha. Gharama ya chai tutachangishana. Kina mama wanaoendesha mchezo kwa kijumbe na kulipana kila wiki hawashindwi na sukari. Wa kuongoza mazungumzo pia wapo: serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 kwa nchi nzima. Mmoja wao kwa kikundi, au mama aliyejifungua mwaka jana, atosha. Mzungumzaji mzuri hapa ni yule anayejua kunyamaza.

Kitu kimoja nakuomba kwa msisitizo: jambo hili lisigeuzwe mradi. Tunaijua njia yake. Inaanza semina elekezi, zinafuata fulana na bango, posho ya kikao inaingia, mwenyekiti na katibu wanachaguliwa, na siku mfadhili akiondoka hata mkeka hauonekani. Mwaka 2012 tulipata kampeni ya Wazazi Nipendeni, na ile namba 15001 iliyotuletea ujumbe wa simu kila wiki ya mimba. Mimi niliupenda, mume wangu naye aliusoma. Lakini ulitufikia kila mmoja kwenye simu yake, na simu haishiki mtoto ili mwenye kuoga akaoge.

Basi anza na kituo kimoja na mwezi mmoja. Chukua wajawazito wote wa kata mbili wanaotarajia kujifungua mwezi huo, andika siku moja kwenye kadi zao zote, na uwaombe wauguzi wasiwaite kwa kufuata aliyewahi, bali wanaopenda wakae pamoja mpaka wa mwisho amalize. Mtoto wa mwisho akipata chanjo ya miezi 18, waite akina mama hao na akina baba, waulize wenyewe, bila fomu ndefu: nani alikuja kwako ulipojifungua, nani alikushikia mtoto, mtoto wake anaitwa nani. Majibu hayo yatosha kukuonyesha kama utaendelea au utaacha.

Nasubiri jibu lako, na wenzangu wa ghorofa zote wanalisubiri. Nawasilisha.

Wako,
Mama wa watoto wawili,
Kata ya Kariakoo, Dar es Salaam.